Mkeka kwenye Printa: Kisa cha Kutoa Poti Mbili kwenye Swichi ya Ndani ya Fayawoli

Karatasi yenyewe ilikuwa mkeka. Si wa kukalia, wa kubetia: mechi kumi na moja zimepangwa, chini yake dau la shilingi elfu moja na ndoto ya milioni kadhaa. Dada wa uhasibu aliikuta asubuhi kwenye printa ya ofisini, imelala katikati ya hati za kutolea mzigo, akaishika kwa ncha za vidole akampelekea Mzee mwenye duka. Wafanyakazi wakaulizwa mmoja mmoja, hakuna aliyeijua. Mzee akakata shauri kwamba ni mteja, mmoja wa wale wanaokaa kwenye benchi la chini wakisubiri nondo zao zipakiwe, huku wakila Wi-Fi ya duka ambayo neno lake la siri limebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Akanipigia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hivi ile mashine niliyofungiwa chini ya ngazi, si mlisema ni mlinzi?"

"Ndiyo Mzee, ni fayawoli, mlinzi wa mtandao."

"Sasa mlinzi gani huyu? Mtu yuko benchi, anaprinti mkeka ofisini kwangu."

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo kisa hiki. Naliandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaofunga vifaa vya aina hii kwenye maduka, zahanati na ofisi ndogo, kwa sababu kosa lililonipata usiku ule ni la kijinga na ni rahisi sana kulirudia.

Mashine ni FortiGate 60F. Ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja, ina matundu kumi ya mtandao: wan1, wan2, dmz, internal1 hadi internal5, halafu a na b. Ukiitoa kwenye boksi, zile internal tano haziji kama poti tano, yaani matundu yanayojitegemea. Zimefungwa pamoja kiwandani kwenye swichi moja ya ndani inayoitwa internal tu, yenye anwani 192.168.1.99, na inayovigawia vifaa anwani yenyewe (kazi hiyo huitwa DHCP) kuanzia 192.168.1.110 hadi 192.168.1.210. Ni wema wa kiwandani: chomeka waya popote, utapata mtandao. Fundi aliyenitangulia aliupokea wema huo jinsi ulivyo, akachomeka hivi: internal1 kwenda kwenye swichi ya kawaida ya matundu 16 inayobeba kaunta, uhasibu na seva ya stoo, internal2 kwenye kisambazaji cha Wi-Fi, internal3 kwenye printa, internal4 kwenye rekoda ya kamera, internal5 ikabaki wazi.

Kila kitu kikafanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo ubaya wake ulipojificha. Kwa macho ya fayawoli, mteja wa benchi, dada wa uhasibu, printa na kamera ni watu wa nyumba moja. Simu ya mteja ikitaka kuongea na printa iliyo kwenye 192.168.1.20, haiendi kwenye lango, yaani fayawoli, kuomba njia. Inauliza mtandaoni "nani mwenye anwani hii?", printa inajibu, na mzigo unapita moja kwa moja kwenye chipu ya swichi kutoka internal2 hadi internal3. Hakuna kanuni ya kuruhusu au kukataa inayosomwa, hakuna kumbukumbu inayoandikwa. Mtu akiwa na shida na jirani wa chumba cha pili hapiti kwa mjumbe wa nyumba kumi kuchukua barua, anagonga ukuta. Fayawoli ile ilikuwa mjumbe aliyekaa nje kwenye kibaraza, anaangalia barabara ya intaneti, na kwa barabara hiyo alikuwa anafanya kazi yake vizuri.

Mtangulizi wangu alikuwa ameliona tatizo, na alijaribu. Kwenye orodha ya kanuni nilikuta ya 7: kutoka internal kwenda internal, mwendo wote wa data kwenye printa na seva, KATAA. Imeandikwa kwa herufi kubwa kabisa. Safu ya hesabu pembeni yake ilisoma 0 B, baiti sifuri. Tangu iandikwe haijawahi kugusa pakiti (kifurushi cha data) hata moja, na isingeweza. Unapoona kanuni ya kukataa ina sifuri baada ya miezi, usishangilie kwamba hakuna mhalifu. Angalia kama mwendo unaoutaka unapita hapo kweli.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuitoa Wi-Fi kwenye kundi, na rekoda ya kamera nayo itoke, kwa kuwa vifaa vya kamera ni vya mwisho kupata masasisho na sipendi vikae chumba kimoja na hesabu za watu. Njia nyingine ilikuwepo: kuweka VLAN (mitandao iliyotengwa inayopita kwenye waya mmoja) juu ya swichi ileile ya internal, bila kutoa poti yoyote, na kisambazaji kikatoa majina mawili ya Wi-Fi, kila moja na VLAN yake. Kama kifaa chenu kinaweza, hiyo ndiyo njia nadhifu zaidi. Kisambazaji cha duka lile ni cha zamani, kinajua jina moja tu, hakijui VLAN. Mzee alikuwa ameshasema hanunui kitu. Tukabaki na kutoa poti.

Walioanza kazi hii zamani watakumbuka kwamba hata hilo halikuwa jepesi. Kwenye mashine za kizazi cha nyuma kama 60D zikiwa na programu za zamani, kulikuwa na hali mbili tu: swichi, au kila poti kivyake. Kubadili ilibidi kwanza ufute kila kanuni na DHCP inayotaja internal, ndipo ukubaliwe kuandika set internal-switch-mode interface, halafu ujenge upya yote. Siku hizi unang'oa jino moja na mengine yanabaki. Usiwaze kwamba ni jambo la FortiGate peke yake: fayawoli ya Cisco Firepower 1010 nayo hutoka kiwandani na Ethernet1/2 hadi 1/8 zikiwa poti za swichi, zote VLAN 1, na SonicWall wana PortShield yao. Majina tofauti, mtego uleule.

Tulikubaliana Jumamosi, duka likishafungwa. Nilifika saa moja usiku na kijana wangu wa mafunzo. Kabati la chini ya ngazi lina joto la tanuri na vumbi la saruji lisiloisha, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo nimewakataza vijana wengi: nikapanda juu, nikakaa kwenye kiti cha dada wa uhasibu chini ya feni, nikaunganisha laptopu kwa Wi-Fi, nikaingia kwenye fayawoli kwa SSH, yaani kuiandikia amri kupitia mtandao.

Nilianza vizuri. Nilichukua nakala ya usanidi. Nikaangalia kundi lilivyo:

    show system virtual-switch

Likaonekana: "internal", physical-switch "sw0", chini yake poti tano zimepangwa. Nikaangalia pia nani anaitaja internal:

    diagnose sys cmdb refcnt show system.interface.name internal

Orodha ikaja na kanuni kadhaa na seva moja ya DHCP. Hapa watu wengi huogopa bure. Marejeo hayo ni ya kundi, si ya poti. Ukitaka kulifuta kundi zima, mashine itakugomea mpaka uyaondoe yote. Ukitoa mwanakikundi mmoja haigomi, kanuni zinabaki na kundi lililobaki. Kugoma kunakuja upande wa pili, siku ukitaka kuirudisha poti kwenye kundi: hapo inatakiwa irudi bila anwani, bila DHCP, bila kanuni inayoitaja.

Nikaandika:

    config system virtual-switch
        edit "internal"
            config port
                delete "internal2"
                delete "internal4"
            end
        next
    end

Nilipobonyeza end ya ndani, kisha next, skrini ikaganda.

Sekunde chache za kwanza nilidhani ni uzito wa mashine. Alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa, mistari yote. Laptopu ilikuwa bado na anwani yake 192.168.1.112. Kijana akaniuliza kwa adabu, "Kaka, wewe si uko kwenye Wi-Fi? Na Wi-Fi si ndiyo internal2?" Sikumjibu. Nilikuwa nimekata tawi nililolikalia, tena nimelikata nikiwa nimeegemea kiti cha watu.

Kilichotokea ni hiki. Kisambazaji kiko hai na waya haujachomolewa, kwa hiyo laptopu haina sababu ya kujua kwamba kuna kilichobadilika. DHCP ya FortiGate, usipoigusa, inakopesha anwani kwa sekunde 604800, yaani siku saba. Laptopu ingeweza kuishikilia 192.168.1.112 wiki nzima bila kuuliza. Lakini ng'ambo ya waya, internal2 haikuwa tena mtoto wa 192.168.1.99. Ilikuwa poti mpya isiyo na chochote.

Simu ikaita. Mzee, kutoka nyumbani.

"Kijana, mbona kamera zote zimekata? Mmevamiwa?"

"Hapana Mzee, tuko salama. Ni sisi tunafanya kazi, tupe nusu saa."

Niliahidi nusu saa bila kuwa na njia ya kuingia. Laptopu yangu haina tundu la waya, inahitaji adapta, na adapta ilikuwa kwenye begi lingine, nyumbani. Kebo ya konsoli, ya kuingilia fayawoli bila kupitia mtandao, nilikuwa nayo, lakini kichwa chake kingine kilihitaji kifaa kilichokuwa kwenye begi hilohilo. Kompyuta ya uhasibu ilikuwa pale pale mbele yangu, imeunganishwa kwa waya kupitia internal1, inafika kwenye fayawoli bila shida, isipokuwa dada ameifunga kwa neno lake la siri, na usiku ule simu yake haikupokelewa. Bodaboda akaleta adapta baada ya dakika arobaini. Niliishuka ngazi, nikachomeka internal5, nikaingia. Mabadiliko yalikuwa yameshashika. Poti mbili ziko nje, zinanitazama.

Nilikuwa na kinga ambayo sikuitumia, na nimeona mafundi wengi hawaijui. FortiGate kwa kawaida huhifadhi kila badiliko papo hapo. Unaweza kuiambia isihifadhi mpaka uthibitishe:

    config system global
        set cfg-save revert
        set cfg-revert-timeout 300
    end

Ukishafanya hivyo, mabadiliko yanafanya kazi lakini hayajahifadhiwa bado. Yakikukubali, unatoa amri execute cfg save. Yakikufungia nje, ukakaa kimya sekunde 300, mashine inarudi yenyewe kwenye usanidi wa mwisho uliohifadhiwa. Ukiwa umemaliza, unairudisha cfg-save kuwa automatic, usije ukamwachia fundi mwingine mtego. Dakika tano za kungoja zingekuwa nafuu kuliko bodaboda.

Poti ikitoka kwenye kundi hutoka uchi. Kundi lilikuwa limeivika anwani, DHCP, DNS (ya kutafuta majina ya tovuti), ruhusa ya kuingia kwa ping (kuuliza kama kifaa kipo), https na ssh, na kubwa zaidi, kanuni ya kwenda intaneti, kwa kuwa kanuni ile inasema chanzo ni internal na yenyewe ilikuwa internal. Hakuna hata kimoja kinachofuatana nayo. Mtu anayeona amri ya delete anadhani kazi ni mstari mmoja. Mstari huo ndio mwepesi kuliko yote.

Kuivika upya kulianza na anwani:

    config system interface
        edit "internal2"
            set alias "wifi"
            set ip 192.168.20.1 255.255.255.0
            set allowaccess ping
        next
        edit "internal4"
            set alias "kamera"
            set ip 192.168.30.1 255.255.255.0
            set allowaccess ping
        next
    end

Kijana alikuwa na wazo la kuokoa muda: kwa nini tusiipe internal4 anwani 192.168.1.98, ili rekoda isibadilishwe chochote? Nilimwachia ajaribu. Mashine ikakataa, maana mtandao huo tayari ni wa kundi. Upo mpangilio wa kuilazimisha ikubali mitandao inayogongana, na sitautaja kwa jina hapa. Violesura (milango ya mtandao) viwili vyenye mtandao mmoja ni mitaa miwili yenye jina moja. Barua zitafika, lakini hujui nyumba gani. Angalia pia kwamba kwenye allowaccess, ruhusa za kuingia, nimeacha ping tu. Mteja wa benchi hana sababu ya kuiona skrini ya kuingilia fayawoli.

Wi-Fi ikapata DHCP yake, kuanzia 192.168.20.100, mkopo wa saa nne badala ya siku saba, kwa sababu wateja huja na kuondoka. Kanuni mpya: internal2 kwenda wan1 (upande wa intaneti), NAT imewashwa, ili anwani za ndani zitoke kwa anwani ya nje ya duka. Simu ya kijana bado haikupata kitu, imeng'ang'ania anwani ya zamani. Tukachomoa umeme wa kisambazaji, tukahesabu kumi, tukarudisha. Simu zikaomba upya, zikapewa 192.168.20. Shida ikabaki kwa kisambazaji chenyewe. Kilikuwa na anwani ya kudumu 192.168.1.2 kwa ajili ya usanidi wake, na sasa anwani hiyo haifikiki kutoka popote dukani, ingawa kinapitisha mwendo wa watu bila taabu. Dawa yake: ukiwa umeunganishwa kwenye Wi-Fi yenyewe, ipe laptopu kwa mkono anwani 192.168.1.3, fungua 192.168.1.2, ingia, kibadilishe kiwe 192.168.20.2. Hapo hupiti kwenye fayawoli kabisa, mko waya mmoja. Kitu kilekile kilichomwezesha mtu kuprinti mkeka ndicho kilichotuokoa.

Rekoda ilikula muda kuliko vyote. Anwani yake ilikuwa ya kudumu, 192.168.1.50, lango 192.168.1.99, na hakuna aliyejua neno la siri la kuingia kwa mtandao. Iko juu ya kabati, na televisheni yake ndogo na kipanya kilichonata kwa vumbi na jasho, ukikisogeza kushoto kinakwenda juu. Inafunguliwa kwa kuchora mchoro kama wa simu. Mlinzi wa usiku ndiye aliyeujua. Alikuja na tochi yake, akachora herufi L, akaondoka bila kusema neno. Tukaiweka 192.168.30.10, lango 192.168.30.1.

Kijana ndiye aliyeandika kanuni ya kuitoa rekoda kwenda intaneti, ili programu ya simu ya Mzee irudi. Akanakili kanuni ya zamani, akabadilisha anwani ya chanzo. Tukasubiri. Kamera hazikurudi. Ping kutoka kwenye fayawoli kwenda 192.168.30.10 inajibu vizuri. Hapo ndipo mtu huanza kubahatisha, anabadilisha hili na lile mpaka hajui alichogusa. Kuna amri ya kuiuliza mashine yenyewe:

    diagnose debug flow filter addr 192.168.30.10
    diagnose debug flow show function-name enable
    diagnose debug flow trace start 20
    diagnose debug enable

Pakiti za rekoda zikaanza kushuka kwenye skrini, na mwisho wa kila moja: Denied by forward policy check (policy 0). Policy 0 si kanuni uliyoiandika. Ni ile ya mwisho isiyoandikwa na mtu, inayokataa kila kitu ambacho hakuna kanuni iliyokipokea. Maana yake ni kwamba kanuni ya kijana ipo lakini pakiti haziifikii. Nikamwambia asome safu ya kwanza kwa sauti. "Kutoka internal..." Akanyamaza. Alibadilisha anwani, akaacha kiolesura cha zamani. Kwenye FortiGate vyote viwili lazima vikubaliane: anwani sahihi ikitokea mlango usio wake haitambuliwi. Akaandika internal4, na kabla sijazima ufuatiliaji simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa Mzee: "Nawaona."

Alituona kweli. Tuliinua mikono kwenye kamera ya ngazi.

Kulikuwa na vitu viwili vya kuvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Dada wa uhasibu hutazama kamera kwenye kompyuta yake, kwa hiyo internal kwenda internal4, kutoka kompyuta yake tu kwenda rekoda tu. Rekoda yenyewe hairuhusiwi kuanzisha mazungumzo na upande wa hesabu. Halafu vishikwambi viwili vya kuhesabia stoo, ambavyo hutumia Wi-Fi hiyohiyo ya wateja na vinahitaji seva 192.168.1.10. Hivi nilivitengea anwani za kudumu kwenye DHCP kwa MAC zao (namba za utambulisho za kila kifaa), nikafungua internal2 kwenda internal kwa anwani hizo mbili, kwenda seva ile, kwa huduma moja ya stoo. Si kinga ya chuma, MAC inaghushika, na ningependelea Wi-Fi ya pili. Kumbuka pia kuzima anwani ya MAC ya kubahatisha kwenye vishikwambi vyenyewe. Android kuanzia toleo la 10 huitumia bila kukuuliza, na ukitenga anwani kwa MAC hiyo ya kubahatisha, siku mtu akikirudisha kishikwambi kwenye hali ya kiwandani unaanza moja.

Chini ya hizo nikaweka ya wazi: internal2 kwenda internal, kila kitu, kataa, na iandike kumbukumbu. Policy 0 ingekataa vilevile, lakini nilitaka kuona nani anagonga. Kanuni ya 7 ya mtangulizi, ile ya herufi kubwa, nikaifuta. Internal5 nayo nikaitoa kwenye kundi, nikaipa mtandao wake mdogo na ruhusa ya https na ssh, ikawa mlango wa fundi. Juu yake nimebandika plasta: FUNDI TU. Adapta ya laptopu sasa inalala kwenye kabati hilo, ndani ya mfuko wa nailoni.

Saa nne na robo tulifunga. Jambo moja tulilijua kwamba litavunjika na tukaliacha livunjike: kuprinti kwa simu. Simu huitafuta printa kwa kupiga kelele kwenye anwani 224.0.0.251, na kelele hiyo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Zipo njia za kuivusha. Mzee hakuziomba.

Jumatatu asubuhi nilifungua kumbukumbu nikiwa na chai mkononi, nikitarajia wateja. Kanuni ya kukataa ilikuwa na migongano thelathini na kitu, yote ya simu moja, 192.168.20.104, yote kwenda 192.168.1.20 mlango 631, ule wa kuprintia. Simu hiyo ilikuwa imeihifadhi printa kwa anwani yake na ilikuwa inairudia kila baada ya dakika chache. Ilianza saa moja na dakika hamsini asubuhi. Duka hufunguliwa saa mbili.

Saa tatu hivi nikapigiwa na mmoja wa vijana wa kaunta, mpole kabisa.

"Fundi, samahani. Hivi simu yangu mbona haiprinti tena?"

Nilimwambia mfumo umebadilishwa, kama ana cha kuprinti akipeleke kwa dada wa uhasibu. Akasema basi hakuna shida, haikuwa kitu cha muhimu.